UZI: Kwa nini dosie ya mkulima mdogo inarudishwa. Kalenda ya malipo, karatasi za shamba, hesabu ya hekta moja (Lubumbashi na kando yake)

AjentiKredi_Lshi

Jamboni wote. Kwetu Haut-Katanga, huku Kongo, mvua inashika katikati ya mwezi wa kumi na moja, na foleni ya wakulima kwenye mikrofinansi inajaa wiki mbili tu kabla ya hapo. Dosie nyingi (mafaili ya kuomba mkopo) zinarudi bila mkopo, na kinachobaki midomoni mwa watu ni kwamba banki haipendi mkulima. Nafungua uzi huu tuchambue sababu zenyewe, jinsi zinavyosomwa ndani ya komite ya kredi, wale wanaoamua mikopo. Mwenye ujuzi wa sheria, wa udongo au wa vikundi aongeze.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa: kwa mwenye hekta moja au mbili, kinachoangusha dosie kwanza si hati ya udongo, wala si riba. Ni kalenda ya malipo.

Mikopo mingi midogo ilitengenezwa kwa mama anayeuza soko la Kenya hapa Lubumbashi, ambaye kila jioni anahesabu pesa. Anakopa leo, baada ya siku 30 analipa fungu la kwanza. Sasa mpe mkulima wa mahindi mkopo huo huo: dola 600, miezi 6, riba 3% kwa mwezi juu ya mtaji wote (pesa yenyewe aliyokopa). Kila mwezi ni 100 za mtaji na 18 za riba, jumla 118. Akipokea tarehe 15 mwezi wa kumi, fungu la kwanza linamkuta tarehe 15 mwezi wa kumi na moja, mbegu bado iko ndani ya mfuko. Fungu la mwisho linafika katikati ya mwezi wa nne, mahindi bado yanakauka kwenye shina. Mkopo wote unatakiwa uwe umelipwa kabla shamba halijatoa hata franga moja.

Ndiyo maana komite ina swali moja tu: kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne, hiyo 118 inatoka wapi? Dosie ikinyamaza hapo inarudishwa, hata kama shamba ni zuri na mwenyewe ni mwaminifu. Ikipita bila jibu, hali ni mbaya zaidi. Mkulima anaweka kando sehemu ya mkopo ili alipe mkopo, mbolea inapungua, kisha fungu la tatu anakwenda kulitafuta kwa Banque Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani, ambako riba ya mwezi mmoja inaweza kumeza ile ya nusu mwaka.

Dambo_Luano

Asante Papa Ajenti. Lakini ukiingia tu ofisini neno la kwanza ni "lete sertifika". Kama hati si kizuizi cha kwanza, mbona wanaiomba?

Mwanasheria_Kampemba

Wanaiomba kwa sababu ndiyo dhamana ya udongo ambayo mahakama inaikubali bila mabishano. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa konsesyo, yaani haki ya kuutumia, na haki yake inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji kutoka kwa konservateri wa hati, ofisa wa Serikali. Rehani ya udongo inawekwa juu ya sertifika, haiwekwi juu ya karatasi nyingine. Ardhi ya kijiji, hii tunayolima kwa ruhusa ya chifu, sheria hiyo hiyo iliiachia kifungu cha 389, kilichosema haki zake zitapangwa kwa ordonansi (amri) ya Rais. Ordonansi hiyo haikutolewa kwa miongo mingi. Kwa hiyo mkulima wa njia ya Kasenga anaweza kulima mahali pamoja miaka ishirini, kila mtu anajua ni pake, na bado hana kitu cha kuweka rehani.

Kupata sertifika kwa shamba la kijijini kuna ngazi: ombi, uchunguzi wa kuhakikisha ardhi haina mtu mwingine, vipimo na mawe ya mipaka kutoka kadastri (ofisi ya upimaji), mkataba, malipo, ndipo sertifika. Kila ngazi ina gharama yake na kusubiri kwake. Kwa mkopo wa dola 500, tafadhali msianze safari hiyo. Sertifika inafaa kwa mtu anayetaka kuweka kisima, nyumba, miti ya matunda, vitu vya miaka kumi. Kwa mbolea ya msimu mmoja gharama haitarudi.

Karatasi ya chifu si takataka lakini. Haiwezi kuwa rehani, ila inamwonyesha ajenti kwamba uko imara pale. Iandikwe vizuri: jina lako kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi, ukubwa wa shamba, majirani wa pande zote nne kwa majina, mwaka ulioanza kulima, sahihi ya chifu na majirani wawili. Karatasi isemayo tu "fulani ni mtu wetu na ana shamba" haisaidii kitu.

Na jambo moja naomba lisomwe kwa makini. Wako wakopeshaji wanaomwambia mkulima asaini mkataba wa kuuza parseli (kiwanja) yake, tarehe ikiachwa wazi, "tuuweke tu kwenye droo". Msisaini. Hiyo si rehani, ni mauzo yaliyojificha. Sheria ya dhamana ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara), inayotumika Kongo tangu tarehe 12 Septemba 2012, hairuhusu mkopeshaji kujichukulia nyumba ya kuishi kwa makubaliano ya namna hiyo. Inabidi apite mahakamani, na nyumba iuzwe kwa utaratibu. Karatasi ya mauzo yenye tarehe wazi inakunyang'anya ulinzi huo wote.

MamaKoperative_Kipushi

Naunga mkono kabisa. Ongezeni pia habari ya mdhamini, maana ndiyo dhamana ambayo wengi wetu tunapewa badala ya sertifika.

Mwanasheria_Kampemba

Kweli, Mama. Mdhamini anaandika kwa mkono wake mwenyewe kiwango cha juu anachodhamini, kwa tarakimu na kwa maneno, na anasaini pamoja na mkopeshaji. Asiyejua kuandika anasindikizwa na mashahidi wawili, ambao wanathibitisha kwamba alielezwa maana ya anachokubali. Mtu akiweka dole gumba peke yake mbele ya ajenti, dhamana hiyo ina kasoro. Nasema haya kwa faida ya pande zote mbili: mdhamini asibebeshwe asichokijua, na mikrofinansi isishike karatasi itakayokataliwa.

Muulize mdhamini pia kama amedhamini wengine. Mwalimu mmoja mwenye mshahara akidhamini watu watano kijijini, komite itamhesabu kama hakuna.

Dambo_Luano

Na sahihi ya bwana? Akina mama wa dambo (bonde lenye maji) huku wanarudishwa kwa sababu hiyo kila siku.

Mwanasheria_Kampemba

Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Kifungu cha 448 sasa kinataka wanandoa wakubaliane, wote wawili, pale mmoja anapojifunga kwa deni, na wasipoelewana, aliyeonewa anakwenda mahakama ya amani. Kwa hiyo ofisi inayodai sahihi ya mume kwa mkopo wa mke lazima idai pia sahihi ya mke kwa mkopo wa mume. Isipofanya hivyo inatumia sheria iliyokwisha kufa. Mwambieni ajenti hivyo kwa upole, mkiwa na namba ya sheria mkononi. Namba inasikilizwa kuliko kelele.

Mjane au asiyeolewa aandike hali yake ndani ya ombi lenyewe, asisubiri kuulizwa, maana ajenti akikuta nafasi tupu anarudisha dosie nzima.

Agronomi_Kasapa

Nimesoma hadi hapa na nina wasiwasi. Tunatafuta njia ya kupata mkopo kabla ya kuuliza kama hekta inaweza kuubeba. Tupige hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, kila mtu aweke za siku yake.

Kipimo kinachofundishwa sana kwa hekta ya mahindi huku: mbegu kilo 25, mbolea ya NPK 10-20-10 kilo 300 (mifuko 6), urea kilo 200 (mifuko 4). Tuseme mfuko ni dola 45: mifuko 10 ni 450. Mbegu dola 3 kwa kilo: 75. Vibarua wa kulima na kupalilia mara mbili: 150. Jumla 675. Ukikopa zote kwa miezi 7, riba 3% kwa mwezi, mtaji ukilipwa mwishoni, riba ni karibu 142. Unadaiwa 817. Wakati wa mavuno tani ikiuzwa dola 300, unahitaji tani 2.7 ili kulipa deni tu. Hujala, hujalipa usafiri, hujalipa barière (vizuizi vya ushuru) za njiani.

Mkulima aliyechelewa kupanda, au aliyepalilia mara moja, anapata tani 2 au chini. Huyo mkopo unamfukarisha, na komite ikimkatalia imemwokoa. Samahani kwa kusema hivyo, lakini ndiyo hesabu.

Sasa punguza. Nusu hekta, mistari sentimita 75, mashimo kila sentimita 50, mimea miwili kwa shimo: mashimo 13,300 hivi. Kifuniko cha chupa ya soda kinabeba karibu gramu 5 za mbolea. Kifuniko kimoja cha NPK kwa shimo wakati wa kupanda ni kilo 67; kimoja cha urea mahindi yakifika magotini, kilo 67 tena. Mifuko mitatu inatosha na baki kidogo. Mbolea 135, mbegu 38, vibarua 40 kwa sababu nusu hekta familia inaiweza zaidi. Jumla 213, na riba ya miezi 7 ni 45. Deni 258, ambalo linalipwa na kilo 860. Ukigeuza kwa hekta nzima ni tani 1.7 badala ya 2.7. Hatari imeshuka kabisa, na ukubwa huo wa mkopo mikrofinansi haihitaji hata kusikia neno sertifika.

Makosa yanayoua hesabu hii: mbolea kugusa mbegu (weka sentimita 5 pembeni, funika), urea kumwagwa juu ya udongo mkavu na kuachwa wazi, hapo sehemu yake inaruka hewani. Na udongo wetu mwekundu wenye asidi kali: bila chokaa ya kilimo, fosforasi uliyonunua inashikwa na udongo, mmea hauipati. Viwavijeshi, hawa walioingia nchini mwishoni mwa 2016, waangaliwe ndani ya koo la mmea kila wiki tangu wiki ya pili. Ukiwaona wakiwa wakubwa umeshachelewa.

AjentiKredi_Lshi

Papa Agronomi, hesabu kama hiyo ikiandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari na kuambatanishwa na ombi, nusu ya kazi ya ajenti imekwisha. Ninachokiona kwenye dosie ni "naomba dola 1,000 kwa ajili ya kilimo". Kilimo cha nini, mahali gani, mifuko mingapi? Komite haiwezi kujua.

Nieleze na upande wa ofisi, maana haufahamiki. Mkopo wa dola 400 kwa miezi 6 kwa 3% unaleta riba ya 72. Ajenti anakwenda kuona shamba kabla, anarudi baada ya kupanda, anarudi mavuno. Kama kila safari ya pikipiki na siku ya kazi ni dola 15, 45 zimeshaondoka, kabla ya mshahara wa karani na gharama ya pesa yenyewe, ambayo mikrofinansi nayo imeikopa au inawalipia wenye akiba. Mfanyabiashara wa mjini anayekopa 400 yuko hatua mia kutoka ofisini.

La pili ni kwamba wakulima wa eneo moja wanaanguka pamoja. Mvua ikikata mwezi wa pili, haimkati mmoja. Mikrofinansi inapimwa kwa mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, na wakulima 80 wa njia moja wakichelewa mwezi mmoja, tawi zima linakuwa jekundu. Ndiyo maana ofisi inaweka kikomo cha siri kidogo juu ya kilimo, na dosie ya mwezi wa kumi inakuta kikomo kimejaa. Mwenye dosie hataambiwa hivyo. Ataambiwa "bado tunaangalia".

Dawa ya hilo ni tarehe. Fungua konti mwezi wa tano au wa sita, wakati una pesa ya mavuno, na weka kidogo kila wiki, hata franga elfu tano. Peleka ombi mwezi wa saba. Ajenti aje mwezi wa nane, shamba linaonekana vizuri wakati wa kiangazi na barabara inapitika. Pesa itoke mwisho wa mwezi wa tisa, ununue mbolea kabla bei haijapanda.

Omba kwa maandishi kalenda hii: riba kila mwezi, mtaji kwa mafungu mawili, mwezi wa sita na wa nane. Kwa mkopo wa 300, riba ya mwezi ni dola 9. Hiyo inatoka kwenye mboga: lengalenga, matembele, sombe, kuku wawili. Onyesha hivyo kwenye dosie, jedwali la miezi 12, safu ya pesa inayoingia na safu ya inayotoka, mwezi kwa mwezi, pamoja na ada ya shule ya mwezi wa tisa. Ukificha ada ya shule ajenti anajua unaficha.

Dambo_Luano

Na wakikataa kubadilisha kalenda?

AjentiKredi_Lshi

Basi usichukue. Nenda ofisi nyingine, au ukope kiasi ambacho mboga peke yake inaweza kukilipa kila mwezi. Mkopo wa mwezi kwa mwezi unafaa kabisa kwa wewe wa dambo: kabichi na nyanya za kiangazi zinaleta pesa kila wiki. Kwa mahindi ya mvua haufai.

Kabla ya kusaini uliza mambo mawili haya. Riba inahesabiwa juu ya mtaji wote au juu ya kinachobaki? Ile 600 ya miezi 6 kwa 3%: juu ya mtaji wote riba ni 108, juu ya kinachobaki ni 63. Asilimia ni ile ile mdomoni. Pili, ni kiasi gani kinaingia mkononi? Ofisi ikishika akiba ya lazima 20%, yaani 120, na ada ya dosie 12, unatoka na 468 lakini riba unalipa juu ya 600. Akiba utarudishiwa, sawa, lakini mbolea hutainunua nayo. Panga bajeti juu ya 468.

Sarafu_Ruashi

Kuna kitu hakijaguswa: sarafu. Mikopo mingi inaandikwa kwa dola, mkulima anauza kwa franga. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu franga 2,000. Mwisho wa mwaka ule ilikuwa imepita 2,500. Deni la dola 500 lilikuwa milioni moja ya franga, likawa milioni moja na robo, na mkulima hakuongeza hata kilo moja ya mbolea.

Lakini msikimbilie kusema "mkopo wa franga daima". Riba ya franga huwa juu zaidi, na hapa Lubumbashi bei ya mahindi inafuata mpaka wa Kasumbalesa. Unga mwingi unatoka Zambia, unanunuliwa kwa dola au kwacha, kwa hiyo dola ikipanda mahindi nayo yanapanda kiasi. Mkulima wa mahindi ana ngao kidogo. Anayelima lengalenga na nyanya za soko la mtaani hana, huyo namshauri franga hata kwa riba ya juu kidogo. Ushauri wangu ni huo tu: kopa kwa sarafu ambayo bei ya mazao yako inaifuata.

MamaKoperative_Kipushi

Sasa kuhusu vikundi, maana mtu mmoja wa dola 200 ofisi haimtaki, lakini kumi na tano wa dola 200 ni dosie moja ya 3,000 na safari moja ya pikipiki.

Likelemba inakusanya pesa na kumpa mmoja mmoja kwa zamu. Ni nzuri, lakini haiachi kumbukumbu ambayo banki inaweza kuisoma. MUSO, kikundi cha akiba na kusaidiana, inaiacha. Ina kasha tatu: ya kijani ni akiba na mikopo ya wanachama wenyewe, nyekundu ni msaada wa ugonjwa na msiba, ya buluu ni ya pesa inayotoka nje. Mkopo wa mikrofinansi unaingia kasha ya buluu, na hapo ndipo vikundi vingi vinavunjika: wanachanganya buluu na kijani, kisha hakuna anayejua deni ni la nani. Madaftari yawe mawili, funguo ziwe kwa watu tofauti. AVEC, kikundi cha kijiji cha akiba na mkopo, nayo ni karibu hivyo: watu 15 hadi 25, kila kikao mtu ananunua hisa moja hadi tano, sanduku la kufuli tatu, na mwisho wa mzunguko wa miezi 9 hadi 12 wanagawana.

Huo mgawanyo upangeni uangukie mwezi wa tisa. Vikundi vingi vinagawana mwezi wa kumi na mbili, pesa inakwenda kwenye sikukuu wakati mahindi yanataka urea. Ukihamisha tarehe tu, wengine hawatahitaji mkopo wa nje hata kidogo, na mimi nawaona hao kuwa ndio waliofaulu zaidi.

Mikrofinansi itaangalia daftari la mwaka mmoja: mahudhurio, akiba, mikopo ya ndani na marejesho yake. Mara ya kwanza msiombe zaidi ya akiba yenu yote ya kijani. Na dhamana ya pamoja muielewe: mmoja asipolipa, wote mnalipa. Kwa hiyo msiweke ndugu wanne wa nyumba moja, mavuno yao yanaharibika siku moja. Msiruhusu mwanachama mmoja achukue nusu ya pesa kwa majina ya wengine. Hilo ndilo linalozika vikundi, zaidi ya ukame.

Mkitaka kusaini mkataba wa mauzo na kampuni au kiwanda cha unga, sajilini koperative. Sheria ya koperative ya OHADA ya Desemba 2010 inaruhusu koperative rahisi kuanzia watu 5. ASBL (shirika lisilo la faida) haikuundwa kwa biashara, na komite itawauliza swali hilo mapema.

Agronomi_Kasapa

Mama, na ghala? Mkopo juu ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa una hatari ndogo kuliko ule wa kupanda, na kwetu haujazoeleka.

MamaKoperative_Kipushi

Ndiyo, wenzetu wa Niger walianza zamani. Kikundi kinaweka mahindi kwenye chumba kimoja, kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kikundi na mmoja kwa mikrofinansi, hakuna anayefungua peke yake. Ofisi inakopesha sehemu ya thamani ya siku hiyo. Mfano: tani 2, bei 300, thamani 600, mkopo 60% ni 360. Familia inalipa ada ya shule na madeni bila kuuza kwa bei ya mwezi wa tano.

Kwa miezi 6 riba ya 3% ni 65. Mifuko isiyopitisha hewa, 20 ya kilo 100 kwa dola 3, ni 60. Kwa hiyo bei lazima ifike karibu 363 kwa tani ndipo usipate hasara, yaani ipande zaidi ya 20%. Kuna miaka inapanda mbali zaidi: Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa mwezi wa pili 2024, aliyekuwa na mahindi ndani alikuwa na dhahabu. Zambia ikivuna sana na mpaka ukawa wazi, bei inalala. Sikilizeni habari za mavuno ya Zambia mwezi wa tano kabla ya kufunga mlango.

Agronomi_Kasapa

Na msiweke mahindi mabichi. Unyevu uwe 13% au chini. Asiye na mashine: chupa kavu ya glasi, theluthi yake mahindi, vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa kabisa, tikisa dakika moja au zaidi, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye glasi, unyevu umepita 15%, rudisha juani. Gunia zikae juu ya mbao, sentimita 10 kutoka sakafuni na 50 kutoka ukutani. Gunia moja lenye ukungu ofisi italikataa, na ni haki yake, sumu ya ukungu haiondoki kwa kupika bukari (ugali).

Katuba_Simu

Nyongeza ndogo. Ofisi nyingi sasa zinatoa na kupokea mkopo kupitia Airtel Money, Orange Money au M-Pesa. Kadi ya SIM iwe kwa jina lako, na jina lifanane herufi kwa herufi na kadi ya uchaguzi. Wengi wanatumia SIM iliyoandikishwa kwa jina la mtoto au la aliyeuza. Pesa inatoka kwa mtu ambaye mkataba haumjui, na ofisi inasimamisha. Kurekebisha kwenye duka la kampuni ya simu ni kazi ya mwezi wa sita, usiingoje mwezi wa kumi. Kingine: uza mahindi na mboga ukilipwa kwa simu pale inapowezekana, chapisha orodha ya miezi sita, iweke kwenye dosie. Ajenti anaiamini kuliko maneno.

Dambo_Luano

Swali la mwisho kwangu. Mvua ikikata mwezi wa pili na mtu ameshakopa, afanye nini? Wengi wanazima simu.

AjentiKredi_Lshi

Kuzima simu ndiyo njia ya haraka ya kuharibu jina. Benki Kuu ya Kongo ina rejista ya mikopo ambamo taasisi zinatoa habari za wadaiwa, na mdhamini wako naye anaanza kutafutwa.

Andika barua kabla ya tarehe ya malipo. Ikifika kabla, ofisi inaweza kupanga upya kalenda huku mkopo ukiwa bado safi. Ikifika siku 31 baada, mkopo umeshaingia orodha mbaya na ajenti hana nguvu tena. Ndani ya barua weka: namba ya mkopo, tarehe uliyopanda, tarehe mvua ilikatika, sehemu ya shamba iliyopotea, picha tatu za simu zenye tarehe, sahihi ya moniteri wa kilimo au ya chifu. Kisha pendekeza mwenyewe: "nitalipa riba kila mwezi, mtaji nitalipa nusu mwezi wa nane kutoka kwenye viazi vitamu na nusu mwezi wa kumi." Lipa na kitu siku hiyo hiyo, hata dola 5, uchukue risiti. Uliza kama kupanga upya kuna ada, na kama riba itahesabiwa upya juu ya mtaji wa mwanzo au juu ya uliobaki. Mkikubaliana, dai nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na kalenda mpya. Neno la ajenti peke yake halitoshi. Ajenti anahamishwa, na anayekuja anasoma karatasi tu.

Dambo_Luano

Nimeelewa. Naandika jedwali la miezi 12 la akina mama wa huku wiki hii, nitaliweka hapa mlikosoe kabla halijakwenda ofisini.

MamaKoperative_Kipushi

Liweke. Anza na mwezi wa tisa, na usisahau ada ya shule.